Sifa ya Mhamisha Ghala

Marehemu baba yangu alikuwa na duka Kendu Bay, na ndani ya duka lile, juu ya rafu ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa, yalikaa madaftari mawili ya madeni: moja la babu, aliyeletwa na biashara kutoka pwani hata akaoa na kuzikwa kando ya ziwa, lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu na wino uliokwisha kugeuka rangi ya kahawia, na la pili la baba mwenyewe, lililoandikwa kwa herufi za Kirumi alizofunzwa shuleni. Babu alipofariki, madeni yote yalikuwa hayana budi kuhama kutoka daftari la kwanza kuingia la pili, maana wateja walikuwa hai na sukari waliyoikopa ilikwisha kunywewa, ilhali watu wa kuisoma ile hati ya kale walikuwa wakipungua mwaka hata mwaka. Kazi hiyo baba aliifanya katika mwezi mmoja wa Ramadhani, baada ya tarawehe, kwa mwanga wa taa ya chemli; nami, niliyekuwa mtoto wa kushika taa, nilijifunza hapo, pasipo kujua kwamba najifunza, ufundi ambao miaka mingi baadaye ulikuja kuwa riziki yangu.

Ugumu wa kazi ile haukuwa katika hesabu, bali katika sauti moja. Wateja wetu wengi walikuwa Wajaluo, na majina ya Kijaluo yamejaa sauti ya ng', ambayo Waarabu hawakuiwekea herufi kwa kuwa hawanayo kinywani. Basi babu, kama walivyofanya waandishi wengi wa Kiswahili kabla yake, aliiandika kwa ghaini, herufi ile ile aliyoitumia kwa ng ya ngano na gh ya ghali, hata mtu aitwaye Ong'ayo akakaa daftarini kama Oghayo, akimngoja msomaji anayemfahamu ili arudishiwe jina lake. Baba aliwafahamu wengi. Asiowafahamu aliwaandika vivyo hivyo walivyokuwa, akatia nukta ndogo pambizoni, na kulipokucha akaenda kuuliza. Na palipokuwa na jumla iliyokosewa, maana babu naye alikuwa mwanadamu, aliinakili jumla hiyo hiyo iliyokosewa, akatia nukta. Nilimwuliza, "Baba, mbona unaandika kosa na hali unaliona?" Akanijibu bila ya kuinua macho, "Mwanangu, leo nahamisha. Kusahihisha kuna siku yake, na siku hiyo mwenye deni atakuwa amesimama mbele yangu."

Mimi leo sina duka. Nimeajiriwa kutunza seva za chuo kimoja chenye matawi mawili, moja katika mji wa Migori na jingine Homa Bay, na katika seva hizo iliyo kubwa kwa daraja, ijapokuwa haionwi na mtu wala haitajwi katika hotuba za mahafali, ni seva ya saraka. Saraka ni sajili ya watu: jina la mtu, nambari yake, picha yake, nywila yake, na orodha ya milango anayoruhusiwa kuingia. Mwanafunzi akifungua barua zake, au akiketi mbele ya kompyuta ya maktaba, au akiunganisha simu yake na mtandao wa chuo, kuna programu inayoiuliza saraka swali moja tu, je, huyu ndiye, na jibu hurudi kabla hajapepesa jicho. Watu wetu wameonja sajili za namna nyingi, na si zote walizozipenda. Walikuwapo wazee waliotembea na kipande cha ukoloni shingoni ndani ya kijaluba cha bati, mpaka desturi hiyo ya aibu ilipoondolewa mwaka 1947, na mzee wa namna hiyo ukimwambia kwamba jina lake limo katika sajili alikuwa haulizi limeandikwaje, aliuliza ni nani aliyelishika. Swali lake ni la haki, nami hulikumbuka kila nikabidhiwapo funguo.

Asili ya saraka za kompyuta ni kongwe kuliko vijana wanavyodhani. Kanuni zake kubwa, zijulikanazo kwa jina la X.500, zilitolewa mwaka 1988, zikaonekana kuwa nzito mno kwa kompyuta ndogo. Ndipo mwaka 1993 Tim Howes wa Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na wenziwe Wengyik Yeong na Steve Kille, wakaandika itifaki nyepesi iitwayo LDAP, na kutoka Michigan ikapatikana seva ambayo tangu mwaka 1998 hutunzwa na mradi wa OpenLDAP na kugawiwa bure kwa kila mwenye kuitaka, sisi wa pembe hii ya ziwa tukiwamo. Humo majina hupangwa kama mti: shina ni chuo, matawi ni idara, majani ni watu. Lakini mti ni sura ya mbele tu, kama vile meza ya duka ilivyo sura ya mbele. Nyuma yake pana ghala, na ghala hilo laweza kujengwa kwa namna hii au namna ile pasipo mteja aliyesimama mezani kung'amua lolote. Kulibadilisha ghala, kulivunja la zamani na kulisimamisha jipya huku mti ukiendelea kuonekana ule ule, jani kwa jani: huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu.

Ghala letu lilijengwa mwaka 2013, mwaka ule ule serikali za kaunti zilipoanza, Homa Bay ikawa ya 43 na Migori ya 44, nchi mbili ambazo hapo kale zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini na mafaili yake yote yakikaa Homa Bay, mpaka Migori ilipokatwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na makarani wakaanza kugawana makabati. Aliyelijenga ghala sikubahatika kumkuta. Alilijenga kwa desturi ya wakati wake, yaani kwa namna iitwayo hdb, ambayo husimama juu ya maktaba ya programu iitwayo Berkeley DB. Maktaba hiyo ina nasaba njema: ilianzia katika Chuo Kikuu cha Berkeley huko California, ikalelewa na kampuni ndogo ya Sleepycat, ikanunuliwa na Oracle mwaka 2006, na mwaka 2013 masharti ya leseni yake yakabadilishwa, hata wengi walioipenda wakaanza kufunga virago.

Sitaki kulisema vibaya ghala lile, kwa kuwa lilitutumikia miaka mingi. Lakini lilikuwa ghala la kubembelezwa. Taarifa ile ile moja, tuseme anwani ya mwanafunzi mmoja, iliweza kukaa kwa wakati mmoja katika hifadhi ya mfumo wa kompyuta, na katika hifadhi ya Berkeley DB, na katika hifadhi ya seva yenyewe, na fahirisi zake katika hifadhi nyingine tena, mithili ya maji ya ndoo moja yaliyogawanywa katika mitungi minne, na fundi akawa na kazi ya kupima kila mtungi uwe na ukubwa gani. Akikosea, seva huwa nzito kama punda aliyegoma. Fauka ya hayo, kila muamala uliandikwa kwanza katika mafaili ya kumbukumbu, yenye majina ya tarakimu kumi, ambayo asipokuwapo mtu wa kuyafagia huongezeka hata yakaijaza diski. Na umeme ukikatika ghafula, jambo ambalo kwetu halihitaji kuelezwa, ghala huamka likiwa limeduwaa, likaanza kuyasoma mafaili yale ili likumbuke lilikuwa likifanya nini. Nimekaa asubuhi zaidi ya moja nikilingoja likumbuke, huku foleni ya wanafunzi ikinyoosha shingo dirishani.

Mwaka 2011 Howard Chu, ambaye ni miongoni mwa watunzaji wakuu wa OpenLDAP, alitoa maktaba mpya ya ghala iitwayo LMDB, nayo ni ndogo kwa namna ya kushangaza: ikiisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, huwa kiasi cha kilobaiti 32 tu. Haina mitungi, kwa kuwa hulitandaza faili lote la data mbele ya kumbukumbu ya mfumo na kuuachia mfumo uchague cha kushika. Haina mafaili ya miamala. Waandishi hupokezana, mmoja kwa wakati mmoja, ilhali wasomaji husoma bila ya kumsubiri mwandishi wala kusubiriana. Na jambo lililonivutia mimi, mkazi wa nchi ya umeme wa kubahatisha, ni adabu yake ya kuandika. Mwandishi hafuti ukurasa wa zamani. Huunakili ule anaotaka kuubadilisha, huandika mabadiliko katika nakala, huendelea hivyo mpaka amemaliza, kisha kwa tendo moja la mwisho huandika ukurasa wa mbele, ambao uko katika nakala mbili zinazopeana zamu, uelekee kwenye mti mpya. Umeme ukikatika kabla ya tendo hilo, mti wa zamani upo. Ukikatika baada yake, mti mpya upo. Hakuna hali ya tatu.

Kila niufikiriapo mpango huo hukumbuka kuta za Thimlich Ohinga, kule Migori, zilizotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018: mawe yaliyopangwa bila ya udongo wala saruji tangu yapata karne ya kumi na sita, jiwe likishikwa na uzito wa jiwe lenziwe, na walioingia kukaa baada ya wenyewe kuhama walizikarabati kwa namna ile ile. Mtu akikwambia kwamba kilicho imara hakina budi kuwa na vikorokoro vingi, mpeleke akazitazame kuta zile. Hata hivyo sifa isipite kiasi. LMDB nayo ina ukaidi wake: faili lake likisha kukua halipungui, na fundi ashurutishwa kutaja mapema ukubwa wa juu wa ghala. Sharti hilo la pili nitalirudia, maana liliniaibisha.

Kuhama kwenyewe hakukuwa kwa hiari. Katika toleo la 2.5, lililotoka mwaka 2021, OpenLDAP iliziondoa kabisa hdb na nduguye bdb. Na mfumo wa Debian tunaoutumia, katika toleo lake la 12 la mwaka 2023, ukalichukua toleo hilo. Mwenye ghala la kale akawa ama ahamishe, ama abaki na mfumo ambao karibuni hautapata marekebisho ya usalama. Nikachagua usiku wa Jumamosi, Migori, na tawi la Homa Bay, ambalo lina nakala yake ya saraka, likabaki likiwajibu wote. Kwani uzuri mmojawapo wa saraka ni kwamba kinachosafiri baina ya nakala mbili ni majina, wala si ghala, na nakala moja yaweza kukaa katika ghala jipya na nyingine katika la zamani bila ya kugombana.

Njia ya kuhama ni moja, na hapa ndipo hekima yote ya kazi hii ilipo. Huwezi kulimimina ghala la zamani moja kwa moja ndani ya jipya, kwa sababu hazifanani kurasa zao wala fahirisi zao. Huna budi kuishusha saraka nzima hadi iwe maandishi matupu, yasomekayo kwa jicho la mwanadamu, kisha kutokana na maandishi hayo uipandishe upya. Mama yake mama yangu, upande wa Karungu, mchwa walipoingia katika miguu ya dero, ghala lake la mtama, hakulikokota dero lizima kwenda mahali pengine. Alikiinua kifuniko, akauteka mtama kikapu kwa kikapu, akautandaza juu ya uwanja uliosilibwa kwa kinyesi cha ng'ombe, mahali ambapo kila punje huonekana, kisha ndipo ukaingia katika dero jipya. Maandishi yale ya katikati ndiyo uwanja wetu. Programu ya kuyashusha huitwa slapcat, na ya kuyapandisha slapadd. Na ni wajibu kutumia hiyo slapcat wala si kuiuliza seva kwa mlango wa kawaida, kwa kuwa mlango wa kawaida hukupa majina bila ya alama zake za ndani, yaani kitambulisho kisichobadilika cha kila jani, na saa lilipopandwa, na mkono uliolipanda. Fundi asiyezichukua hizo amehamisha mtama akaacha mbegu.

Nikaisimamisha seva saa nne usiku. Nje, askari wa zamu, mzee aliyekuwa mvuvi wa Muhuru kabla ya samaki kupungua, alikuwa ameketi juu ya kigoda na redio yake. Nikashusha, nikafungua faili, nikaanza kusoma, si kwa lazima, bali kwa ile tamaa ya mtu aliyepewa kitabu ambacho hakuna mwingine atakayekisoma. Mtu wa mbali angeona orodha tu. Lakini katika nchi ya Wajaluo sajili ya majina ni sajili ya saa: Okinyi aliyezaliwa alfajiri, Onyango jua lilipoanza kupanda, Ochieng' na Achieng' jua la mchana likiwaka, Odhiambo jioni, Atieno usiku, Okoth mvua ikinyesha, hata nikipita nao ukurasa kwa ukurasa, na katikati yao Chacha na Mwita na Boke kutoka Kuria, nilijiona kama mlinzi wa saa kubwa ambayo kila mshale wake ni mtoto wa mtu. Nywila nazo zilikuwamo, lakini kwa sitara: kila moja imeanza kwa herufi e1NTSEF9, ambazo ni vazi tu la neno SSHA, ishara kwamba nywila ilikwisha kusagwa kwa hesabu isiyorudi nyuma. Mimi mwenye funguo zote sikuweza kuijua hata moja, nikamshukuru aliyebuni hivyo.

Kisha nikaona mstari huu:

sn:: QWNoaWVuZ+KAmQ==

Jicho lisilozoea litadhani ni uharibifu. Katika maandishi haya, jina la ukoo la mtu huandikwa baada ya herufi mbili sn na nukta mbili. Nukta zile zikirudiwa, maana yake ni kwamba ndani ya jina mna herufi isiyokuwamo katika zile 128 za kale za kompyuta, na kwa hiyo jina limevikwa buibui ili lisafiri salama. Nikalivua. Lilikuwa Achieng, na mwishoni mwake ritifaa iliyopinda, ile iwekwayo na programu za kuandikia barua zinapojipa mamlaka ya kupendezesha, mahali ambapo kicharazio hutoa ritifaa iliyosimama wima. Kwa macho ni jina moja. Kwa kompyuta ni watu wawili: karani akimtafuta Achieng' kwa ritifaa ya wima, ataambiwa hayupo. Nikatafuta wengine wa namna hiyo, nikapata 37. Ong'ayo, Nyang'or, Ochieng', wote walioingizwa kutoka orodha zilizoandikwa kwa programu hizo, wote wamepinda shingo pale pale kwenye sauti ile ile ambayo babu yangu aliiandika kwa ghaini.

Kuzinyoosha zote 37 kulikuwa kazi ya amri moja. Faili lilikuwa wazi mbele yangu, saraka imelala, hakuna shahidi, na kosa lilikuwa dhahiri kama mchana. Nakiri kwamba niliiandika ile amri hadi mwisho, kidole kikabaki juu ya kitufe. Lakini mhamishaji ana ithibati moja tu ya uaminifu wake, nayo ni kwamba atakapomaliza kupandisha, atashusha tena kutoka ghala jipya, na kuyaweka maandishi ya pili ubavuni mwa ya kwanza, na programu ya kulinganisha itanyamaza kimya. Kimya hicho ndicho risiti yake. Akiwa amesahihisha hata ritifaa moja njiani, programu itanena, na baada ya kunena hatajua tena lipi ni sahihisho lake na lipi ni jina lililopotea. Atabaki kusema naamini, na ghala halijengwi kwa naamini. Nikaifuta amri. Nikayaandika yale majina 37 katika daftari la karatasi, nikatia nukta mbele ya kila moja.

Kupandisha kulianza vyema na kukakatika njiani. Ujumbe ulisema MDB_MAP_FULL, yaani ghala limejaa, na kosa lilikuwa langu asilimia mia: asipotaja mtu ukubwa, OpenLDAP hulipa ghala la namna hii baiti 10,485,760 tu, kama megabaiti 10, na sisi tulikuwa na picha za wanafunzi. Nimewafundisha vijana sharti hilo mara ngapi! Nikalifuta ghala nusu, nikataja gigabaiti mbili, nikaanza upya. Safari hii kupandisha kulikwisha upesi kuliko chai niliyokuwa nimeimimina. Nikaiwasha seva. Ikakataa. Hapa tena kosa ni la kale, na sina hakika kama yuko fundi ambaye halijamkuta: nilikuwa nimepandisha kwa mamlaka ya mwenye mashine, hata mafaili ya ghala yakawa mali yake, na seva, ambayo hufanya kazi kwa jina lake dogo la kawaida, ikajikuta imefungiwa nje ya nyumba yake. Amri moja ya kubadili mwenye mali, na mlango ukafunguka.

Wakati huo huo umeme ukakatika. Betri ya akiba ikalia, ikahimili dakika chache, ikazimika. Yule mzee akaja na tochi akasimama mlangoni. "Fundi," akasema, "imeharibika?" Nikamwambia, "Mzee, hapa ndipo nitakapojua." Tukakaa pamoja gizani, akanisimulia jinsi wavuvi wa omena wanavyozishusha taa zao juu ya maji usiku wa giza na kungoja dagaa wapande, na jinsi mtu asiye na subira anavyouvuta wavu mapema akapata maji, sikumwuliza kama alikuwa akinisema mimi. Umeme uliporudi, karibu saa nane, seva iliamka, ikalifungua ghala jipya bila ya kusoma kumbukumbu yoyote, na kabla sijaketi ilikuwa ikijibu. Nikashusha maandishi ya pili. Nikahesabu majani: idadi ile ile. Nikayalinganisha, na programu haikunena hata neno. Hata ile sn ya Achieng ilikuwa pale pale, na buibui lake, na ritifaa yake iliyopinda.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya Homa Bay, na safari yake haina mengi ya kusimulia kwa upande wa kompyuta, kwa kuwa kosa likishakufundisha mara moja huoni haya kuwa na karatasi mfukoni. Nilipanda matatu asubuhi, tukapita Awendo nyuma ya trekta za miwa ziendazo kiwandani, tukakata kona Rongo, tukaanza kuteremka mpaka ziwa likatokea na mlima Asego ukiwa umeuinamia mji. Usiku ule Migori ndiyo iliyojibu, na Homa Bay ikahamishwa. Jumatatu wanafunzi elfu kadha wa pande zote mbili walifungua barua zao, wakatia nywila zao, wakaunganisha simu zao, na hakuna hata mmoja aliyekuja dirishani. Mkuu wa idara alinipigia simu kuniuliza iwapo ile kazi niliyoombea ruhusa niliifanya au niliiahirisha, kwani yeye hakuona badiliko lolote. Katika miaka yangu ya kazi sijapata kusifiwa kwa namna iliyonipendeza zaidi, na yeye hakujua kwamba amesifu.

Kusahihisha nilikuanza wiki ya tatu. Niliwaita wale 37, mmoja mmoja, waje na vyeti vyao. Wengi walifurahi, wengine walicheka kwamba mtu mzima ameacha kazi zake ili awaulize juu ya alama iliyo ndogo kuliko kichwa cha sisimizi, na wawili walisema kwamba sasa wameelewa kwa nini maktaba huwaambia hawapo. Kwa kila mmoja wa hao niliandika ritifaa ya wima mahali pa ile iliyopinda, kisha nikaifuta nukta daftarini.

Wa mwisho kuja alikuwa binti wa mwaka wa pili, tawi la Homa Bay, mwenye ile sn niliyoiona kwanza. Aliiweka bahasha yake juu ya meza, akaitazama skrini niliyomgeuzia.

"Mwalimu," akasema, "mimi sina hiyo alama."

"Una maana gani, binti yangu? Achieng' bila ya ritifaa?"

"Kwenye cheti cha kuzaliwa hakuna kitu, na kitambulisho kimefuata cheti. Aliyetusajili siku ya kwanza ndiye aliyeiongeza, akasema ndivyo jina linavyoandikwa. Nikanyamaza."

Nikakifungua cheti. Achieng, na baada ya g ile ya mwisho, karatasi tupu. Nikaurudia mstari, nikakiweka kishale nyuma ya ritifaa ambayo usiku ule wa Migori nilikaribia kuinyoosha, nikaifuta, nikamgeuzia tena skrini. Akalisoma jina lake herufi kwa herufi, midomo ikicheza bila ya sauti. Kisha akauliza kama anaweza kwenda, maana kipindi cha saa nne kilikuwa kimekwisha kuanza.